Walipomlilia Sifa Akiwa Hai

Sili maini. Nikialikwa mahali nikawekewa, huyasukuma pembeni mwa sahani, na mwenyeji akiuliza humwambia daktari amenikataza, kwa sababu maelezo ya kweli ni marefu na yanaharibu chakula cha watu. Juzi maelezo hayo yalinirudia yote nikiwa saluni mjini, nusu ya kichwa kimesukwa, nusu bado. Dada aliyekaa kiti cha pili alikuwa anatusomea habari kwenye simu yake: bingwa mmoja wa tenisi wa huko Ulaya ametangaza kustaafu na mashabiki wake wanaomboleza. Alisoma maneno yao kwa sauti. Mmoja anasema hajala tangu asubuhi, mwingine ameweka mshumaa mahali pa picha yake. Yule dada mwenyewe alijifuta macho kwa ncha ya taulo akasema tumebaki yatima. Namfahamu. Miezi michache nyuma, bingwa huyohuyo alipotolewa mapema mashindanoni, alikaa palepale akamwita bibi kizee mng'ang'anizi, awapishe wenye nguvu. Nilitoka nje nikatema mate mtaroni. Msusi alidhani nina mimba.

Nilikuwa na miaka tisa nilipoona mashabiki wakifanya hivyo kwa mtu wa nyumbani kwetu. Mama yangu ana mdogo wake wa mwisho anayeitwa Elisifa. Ukoo ulimwita Eli, lakini mtaani kwetu Sakina, Arusha, walikata jina upande wa pili wakamwita Sifa. Baba yao, yaani babu yangu, alikuwa mtunza uwanja kwenye shamba moja la kahawa juu ya Usa River. Wenye shamba walikuwa na uwanja wa tenisi wa udongo mwekundu, na kazi ya babu ilikuwa kuufagia, kuumwagilia maji na kuuchora mistari kwa chokaa. Mama mdogo alikua anapiga mpira kwenye ukuta wa stoo ya kahawa kwa kipande cha ubao. Mgeni mmoja wa pale shambani alimwona, akampa raketi, na mambo yakaenda hadi akachukuliwa kufundishwa Nairobi, kisha akawa mchezaji wa kulipwa. Alicheza Kampala, Harare na Tunisi, na mara moja tu alifika kwenye mashindano makubwa yale yanayoonyeshwa na televisheni za dunia. Alishindwa mchezo wa kwanza, lakini kwa saa nzima na ushee Sakina yote ilimwona.

Sakina yote ilimtazama pale kwa Baba Glory. Huyu alikuwa na bucha yenye jiko la nyama choma kando ya barabara ya Nairobi, na juu ya mlango wa bucha alikuwa ametundika televisheni. Kabla ya mama mdogo, hakuna mtu pale aliyejua tenisi inahesabiwaje, na sidhani kama walikuja kujua. Walijua tu mpira ukigonga neti upande wetu ni vibaya. Lakini walichapisha fulana zenye uso wake, wakamchagua Baba Glory kuwa mwenyekiti wa mashabiki, na siku aliporudi kutoka kwenye hayo mashindano walimpokea kwa pikipiki na pick-up, wakampitisha barabarani amesimama huku wanapiga honi. Nilikuwa nimekaa miguuni pake kwenye ile pick-up. Nilidhani watu wote wana mama mdogo, lakini wangu ndiye aliyependwa kuliko wote.

Aliposhindwa walisema mengine. Mama alizoea kunituma nyama kwa Baba Glory siku ya Jumamosi, na mtoto anayesubiri nyama ikatwe haonekani na mtu. Siku moja mama mdogo alikuwa amefungwa mechi huko alikokwenda, na wanaume waliokuwa pale walimrarua kama wanavyorarua mbavu. Baba Glory alisema, akifuta kisu kwenye aproni, "Huyu amechoka kama ng'ombe wa mnada. Aondoke." Mimi nilielewa kwamba anamtakia safari. Nilirudi nyumbani nikamwambia mama mdogo kwenye simu kwamba Baba Glory anasema uondoke, na yeye akaniuliza kama nimefanya kazi ya shule.

Kila alipokuja nyumbani tulilala chumba kimoja, kitanda kimoja. Mwaka huo wa mwisho chumba kilinuka dawa ya kuchua, ile kali inayochoma macho. Asubuhi alikaa chini sakafuni, akaniegemea magotini, nami nikamchana nywele na kumfunga, kwa sababu mkono wake wa kulia ulikuwa haupandi kuvuka bega. Nilikuwa nauona ukitetemeka akijaribu kuvaa blauzi. Aliniambia anachomwa sindano begani kabla ya kucheza, na zikiisha nguvu usiku anauma mto. Aliniambia pia nisimwambie mtu, hata mama. "Wakijua," alisema, "hawataniacha nimalize mwenyewe." Sikuelewa amalize nini, ila nilitunza siri ile kwa fahari kubwa.

Sasa niseme jambo moja ili ieleweke nilichofanya. Kwangu mimi neno kustaafu lilikuwa jina la ugonjwa. Nilikuwa nimelisikia mara moja tu maishani: babu alistaafu, akapewa blanketi na redio, akarudi kukaa chini ya migomba yake, na kabla kahawa haijaiva tukamzika. Watu wazima walisema, "Tangu astaafu hakuwa mzima tena." Basi nilipokuwa nachambua mchele mlangoni, mchana wa likizo, nikasikia redio ya jirani ikitangaza kwamba mchezaji wa tenisi kutoka Arusha, Elisifa, amestaafu, sinia liliniponyoka. Mama mdogo alikuwa ndani, amekaa kitandani na simu mkononi, amemaliza kuongea na mtangazaji. Nilimtazama kama anayetazama mtu aliyekwisha kuandikiwa kifo. Aliniuliza mbona namkodolea macho hivyo.

Hawakuchelewa. Kabla jua halijaanza kushuka uwanja wetu ulikuwa umejaa, na kila walichokifanya kilinithibitishia ninachokijua. Mama Happy, muuza mitumba, jirani yetu, aliingia getini amejifunga kanga kiunoni kama wanawake wanavyojifunga msibani, akilia kwa sauti ya kupanda na kushuka. Wanaume walibeba mabenchi kutoka bucha. Baba Glory alileta mbuzi aliyekwisha chunwa, na sufuria kubwa ikabandikwa kwenye mafiga nyuma ya jiko letu bila mtu kumuomba mama ruhusa. Baba yangu alikuwa safarini na lori, kwa hiyo mama alikuwa peke yake, na mama yangu ni mtu wa kanisani ambaye hajui kumfukuza mgeni. Alisema karibuni, karibuni, huku akinitazama kana kwamba mimi nitamwambia kuna nini.

Mama mdogo alitoka mara moja tu. Alisalimia wakubwa shikamoo, akawashukuru kwa kuja, akasema amechoka, anaomba akapumzike. Akafunga mlango wa chumba. Nadhani alitegemea wataondoka. Wao waliona sasa ndiyo wana nafasi ya kulia vizuri. Baba Glory alisimama na kuongea muda mrefu: tumempoteza mpiganaji, nyota yetu imezimika, pengo lake halitazibika, sisi ndio tuliomlea, sisi ndio tuliomwombea. Wale wanaume niliowasikia pale bucha walitikisa vichwa na kujifuta pua. Mmoja alijipiga picha analia, akaitazama, akaifuta, akajipiga nyingine. Hadi leo naona kidole chake kikifuta ile ya kwanza kwa sababu haikumtoka vizuri.

Niliwaamini. Nilisimama kwenye kona ya nyumba nikawaza kwamba watu wanaompenda kiasi hiki, wenye mwenyekiti na fulana, hawawezi kushindwa kumwokoa. Nikamwendea Baba Glory pale kwenye sufuria. Nilimwamkia, nikamuuliza kama watamwombea mama mdogo asife.

Alicheka, kisha akaona sicheki. Akachutama akaniuliza kwani mama mdogo anaumwa nini. Nami nikamwambia yote. Nilimwambia kuhusu mkono usiopanda, kwamba mimi ndiye ninayemchana, kwamba anachomwa sindano ndipo acheze, kwamba ni mwaka mzima sasa na anauma mto. Nilieleza kwa mpangilio mzuri kama ninavyoeleza shuleni. Alinisikiliza kwa makini kuliko mtu mzima yeyote aliyewahi kunisikiliza. Nilipomaliza alichota kipande cha ini kutoka kwenye sufuria, akakipuliza, akanipa mkononi. Alisema mimi ni mtoto mwenye akili. Nikala. Lilikuwa tamu, na mafuta yake yalinitiririka hadi kwenye kiwiko nikayalamba.

Sijui kama nilikuwa nimelimeza lote wakati nilipoanza kusikia siri yangu ikipita kwenye mabenchi. Ilikwenda haraka kuliko nilivyoisema na ilirudi na sura nyingine. Kumbe mwaka mzima alikuwa mgonjwa. Kumbe anacheza na sindano. Kumbe zile mechi tulizokaa kumtazama na kukosa kazi, alikuwa anajua atafungwa. Mama Happy aliacha kulia katikati ya kilio, kama bomba lililofungwa, akasema, "Ametufanya wajinga." Sauti ilikuwa kavu kabisa. Niliangalia macho yake na hayakuwa mekundu.

Baba Glory aligonga mlango wa chumba. Alisema mashabiki wanataka kusikia kutoka kwake. Mama mdogo alifungua, akamwona yeye, akaniona mimi nyuma yake na midomo inayong'aa mafuta. Sidhani alihitaji kuambiwa zaidi.

Baba Glory alimuuliza kama ni kweli bega limekwisha. Akajibu ni kweli. Akamuuliza mbona hakuwaambia wao, mashabiki wake. Basi Baba Glory akageukia watu na kutafuta njia ya kati, kama mwenyekiti anavyotakiwa. Alisema yaliyopita si ndwele. Jumamosi wataandaa mechi ya kuaga, uwanja utapatikana, na mama mdogo atacheza, hata kidogo tu, watu wamwone akirusha ule mpira wake wa kuanzia kwa mara ya mwisho. Walipiga makofi. Mtu alisema achomwe sindano moja zaidi, si amezoea. Wakacheka, kicheko cha kirafiki kabisa.

Mama mdogo alisema hapana. Aliinua ule mkono kadiri ulivyoweza, ukaishia chini ya bega, akaushusha.

Mtu akasema, basi angalau tupate kumbukumbu. Na hapo ndipo walipoingia. Hawakuingia kwa ugomvi. Waliingia kama watu wanaoingia kuchukua kilicho chao, wakisema samahani dada, tupishe kidogo mama. Begi lake kubwa lilikuwa chini ya dirisha. Baba Glory alichukua raketi ile aliyoonekana nayo kwenye televisheni. Mama Happy alipima viatu kwa kuviweka kwenye unyayo wake, akaondoka navyo ingawa vilimbana. Vijana walivutana fulana moja yenye jasho lake hadi ikachanika, na kila mmoja akanusa kipande chake na kufurahi. Mtu alikuta mkebe wa mipira ambao ulikuwa haujafunguliwa, akauvuta kifuniko, ukapiga mlio kama chupa ya soda, na harufu ya mpira mpya ikajaa chumba, ikachanganyika na dawa ya kuchua na supu ya mbuzi iliyokuwa inatuingilia dirishani. Walipokonyana ile mipira. Mama alisimama mlangoni akirudia, "Jamani, jamani," mpaka neno likaisha maana.

Nilitapika pale pale, juu ya zulia la kando ya kitanda. Ini lilitoka likiwa halijasagika. Kijana mmoja aliruka akasema huyu mtoto vipi, akahamisha mguu wake, akaendelea kufungua mfuko wa pembeni wa begi.

Wakati huo ndipo mama mdogo alipozungumza. Hakupaza sauti. Alikuwa ameinama, ameniwekea mkono wake mzima kwenye paji la uso kama wanavyofanyiwa watoto wanaotapika, na alisema akiwa hajainua kichwa:

"Hata marehemu husubiriwa matanga yaanuliwe ndipo mali zake zigawanywe. Mimi nipo hapa. Nawaona."

Baadhi waliona aibu. Wawili waliweka chini walichoshika. Baba Glory hakuweka. Alisema, kwa huzuni ya mtu aliyekosewa, kwamba hawakutegemea dharau kama ile, baada ya yote waliyomfanyia. Wakatoka, wakamalizia supu, maana mbuzi alikuwa ameiva, na walipoondoka na mabenchi yao waliacha mifupa uwanja mzima na nzi juu yake. Mama aliifagia huku analia. Kesho yake mtaa ulisema mama mdogo ana majivuno, ametudanganya, hakuwahi hata kuwa mchezaji wa maana. Kwenye simu za watu kulikuwa bado na picha za jana yake, nyuso zimeloa, na maneno ya kumtakia heri. Hawakuzifuta. Yote mawili yalikaa pamoja wala hayakusumbuana.

Siku ya tatu mama alitupandisha sisi wawili kwenda kwa bibi, juu ya Usa River. Bibi alikuwa anapalia kwenye migomba. Alinyoosha mgongo, akamtazama binti yake aliyekuja bila begi lile kubwa, akamuuliza kama amekula. Mama mdogo alisema hapana. Bibi akaosha mikono na kutuwekea loshoro, yale mahindi ya maziwa ya mgando, na kwa likizo yote ile sikumsikia akitaja neno tenisi. Nilimchunguza mama mdogo kila asubuhi kuona kama ugonjwa umesogea. Alikuwa anakula. Alianza kulala bila kuuma mto. Kahawa ikaiva, ikachumwa, yeye akiwa hai na anachuma kwa mkono wa kushoto. Nilipomweleza mama woga wangu, alinikumbatia akacheka hadi akakaa chini. Alinifafanulia kwamba babu aliumwa moyo, na kwamba kustaafu ni kuacha kazi tu, mwanangu, ni kuacha kazi na kurudi nyumbani.

Leo mama mdogo ana kitalu cha miche ya parachichi na maua hukohuko, watoto wawili, na bega ambalo mvua ikikaribia linamwambia kabla ya mtu mwingine kujua. Anapendeza. Hapendi kupigwa picha. Baba Glory amezeeka lakini bucha ipo, na ile raketi ipo ukutani karibu na jiko, nyuzi zake zimeganda mafuta ya miaka yote hiyo, nyeusi, na nzi hupumzika juu yake. Mwaka huu nilipita na mgeni wa ofisini, na mzee akanitambua. Nilimwamkia kwa sababu nililelewa hivyo. Akamwonyesha mgeni wangu ukuta, akamwambia yule binti tulimpenda sana hapa, siku alipostaafu mtaa mzima ulilia. Macho yake yalilengwa na machozi kweli. Hicho ndicho kinachonikinaisha kuliko uongo wowote: yalikuwa machozi ya kweli. Aliniuliza kama tukatiwe maini.

Kuna jambo moja sijalisema, kwa sababu ndilo gumu. Kwa wiki nzima pale kwa bibi sikuweza kumtazama mama mdogo usoni. Nilijua ni mimi niliyewapa. Mchana mmoja tulikuwa tunachagua kahawa kwenye chekecheke, mbovu huku, nzima huku, bibi yuko mtoni. Nikamwambia. Nilimwambia kwamba ni mimi niliyemwambia Baba Glory kuhusu mkono, na kwamba alinipa ini nikala.

Aliendelea kuchagua. Nilidhani hakusikia, nikaanza kulisema tena.

"Kwa nini ulimwambia?" aliniuliza.

Nilisema nilitaka wamsaidie. Nilisema nilidhani wanampenda.

Alishika punje moja ya kahawa, akaigeuza vidoleni, akaiangalia pande zote mbili kwa muda mrefu kuliko punje inavyohitaji.

"Usilie," alisema. "Hata mimi nilidhani hivyo."